Redio na Vidonge vya Koponi

Hadithi, njoo. Utamu, kolea. Na uongo nao umekuja, mdogo tu, unaoenea kwenye kopo la maziwa.

Palikuwa na mtoto anaitwa Hidaya. Alikuwa na miaka sita na pengo moja mdomoni.

Hidaya aliishi Morogoro, kwenye nyumba yenye baraza pana huko nyuma. Aliishi na Mama, na Bibi, na Redio.

Redio huyu hakutumia betri. Redio alikuwa kasuku. Alikuwa na manyoya ya kijivu, mkia mwekundu, na mdomo uliopinda.

Bibi alimpa jina hilo kwa sababu alitangaza kila alichosikia. Mama akikohoa, Redio naye alikohoa. Muuza maandazi akipita asubuhi, Redio alirudia, "Maandazi ya moto! Maandazi ya moto!" Na majirani walitoka na sahani hata siku ambayo muuza maandazi hakupita.

Siku moja zikaja habari. Mama mdogo Rukia amejifungua mtoto huko Dodoma.

Bibi akafungasha nguo zake. Ilibidi aende kumtunza mzazi mpaka arobaini itimie. Na siku arobaini, watoto, ni siku nyingi.

Bibi akamwita Hidaya barazani. Akamwekea kijiko cha chai mkononi.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema, "Redio namwacha kwako. Sikiliza, na ushike."

"Asubuhi vidonge.
Mchana mboga na tunda.
Jioni alizeti, kijiko kimoja, basi."

Hidaya akarudia mara tatu bila kukosea. Redio naye hakutaka kupitwa. "Kijiko kimoja, basi!" akasema. "Kijiko kimoja, basi!"

Bibi akacheka. Akapanda bodaboda na begi lake, akaenda stendi akiwa na moyo mweupe. Alimwamini Hidaya. Lishikeni hilo, watoto. Bibi alimwamini.

Kesho yake asubuhi, Hidaya alifungua mfuko wa chakula cha Redio. Mfuko ulitoka kwenye duka la dawa za mifugo. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo, vya mviringo, vya kahawia.

Hidaya akakunja uso. Vidonge alikuwa anavijua.

Mwezi uliopita aliumwa malaria, akapewa vidonge. Vilikuwa vichungu mpaka masikio yakamcheza.

Akamtazama Redio. Redio hakuwa na homa. Kikohozi alikuwa nacho, lakini kilikuwa cha kumwiga Mama.

"Redio haumwi," Hidaya akawaza. "Sasa vidonge vya nini?"

Hata hivyo akamtilia vichache kwenye kibakuli. Redio akachukua kimoja. Akakigeuza, akakitupa. Pwii! Kidonge kikagonga ukuta.

Redio alikuwa amenuna. Alimtaka Bibi wake. Lakini Hidaya hakujua hilo. Alidhani ni uchungu wa dawa.

Basi akamwonea huruma. Akatafuta kopo tupu la maziwa, akamimina vidonge vya siku hiyo. Kopo akalificha nyuma ya gunia la mkaa.

Kisha akamtilia Redio alizeti. Hakutumia kijiko. Alitumia kikombe.

Kach, kach, kach. Redio akamenya alizeti. Maganda yakadondoka sakafuni. Kach, kach, kach.

Hidaya akasogeza mdomo karibu na tundu la Redio. Akanong'ona.

"Vidonge koponi. Shii. Mama asijue."

Mchana ukafika. Mama alikuwa amekata papai na mchicha wa Redio. Lakini Redio alikuwa ameshiba alizeti. Akageuza kichwa.

Mchicha, Hidaya akampa mbuzi wa jirani. Papai lilikuwa limeiva vizuri. Papai akalila mwenyewe.

Jioni, alizeti tena. Kikombe kizima. Kach, kach, kach.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona chumba cha mbele, na mashine yake ilisikika nyumba nzima. Tri-tri-tri-tri.

Mashine ikanyamaza. "Hidaya," Mama akauliza, "Redio amekula vidonge vyake?"

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Na jibu likatoka dogo vilevile.

"Amekula."

Mashine ikaendelea. Tri-tri-tri-tri. Hidaya akaona haya. Akatazama vidole vyake vya miguu. Vilikuwa kumi.

Ikawa hivyo kesho, na keshokutwa, na mtondo, na mtondogoo. Vidonge vinakwenda koponi, papai linakwenda tumboni kwa Hidaya, na alizeti inakwenda kwa Redio.

Na kila asubuhi, mdomo karibu na tundu: "Vidonge koponi. Shii. Mama asijue."

Jumapili moja Bibi akapiga simu. Hidaya akaamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Redio hajambo? Vidonge anakula?"

"Hajambo. Anakula."

"Ahsante, mama," Bibi akasema huko Dodoma, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Ningemwachia nani kama si wewe?"

Kusifiwa kwa jambo ambalo hukulifanya, watoto, kunawasha kuliko upupu. Hidaya alimrudishia Mama simu bila kuaga.

Akatazama vidole vyake vya miguu. Vilikuwa kumi, kama jana.

Kisha Redio akaanza kubadilika.

Manyoya yake yakafifia, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Tumbo likamtoka.

Muuza maandazi akapita. Redio akakaa kimya. Akapita tena kesho. Redio akakaa kimya. Majirani wakaanza kuulizana kulikoni.

Siku moja Hidaya alimfungulia aruke mpaka juu ya kabati, kama zamani. Redio akaruka kidogo. Kabatini hakufika. Puu! Akaangukia kapu la nguo chafu.

Na baya zaidi, akaanza kujinyofoa manyoya ya kifuani. Moja, halafu jingine. Hidaya aliyaokota sakafuni, akayaficha mfukoni.

"Sasa anaumwa," akawaza. "Na anayeumwa hupewa dawa."

Akakimbia nyuma ya gunia la mkaa. Akachukua vidonge vitano, akavipangusa kwa gauni lake, akavitia kwenye kibakuli. "Meza, Redio. Meza upone."

Redio akavitazama. Akageuza kichwa. Alikuwa ameshasahau vidonge. Alitaka alizeti tu.

Hidaya alitaka kumwambia Mama. Alifika mpaka mlangoni. Tri-tri-tri-tri, mashine ilikuwa inashona.

Lakini angeanzia wapi? Akitaja vidonge, atataja kopo. Akitaja kopo, atataja kila "amekula" aliyoisema. Zilikuwa nyingi. Akarudi barazani polepole, na haya zake kifuani.

Mama aliyaona manyoya mwenyewe, alipokuwa anafua lile gauni lenye mfuko. Alipiga simu.

Daktari Nkya wa mifugo alikuja kwa pikipiki, na kofia ngumu nyekundu kichwani. Alitibu ng'ombe, mbuzi, kuku, na kasuku mmoja.

"Shikamoo, daktari," Hidaya akasema.

"Marahaba, mtoto mwema."

Mtoto mwema! Hidaya akatazama vidole vyake vya miguu.

Daktari akamshika Redio kwa taulo. Akamminya tumbo taratibu. Akamweka kwenye mizani ndogo, akatikisa kichwa.

"Huyu anakula nini?" akauliza.

"Hidaya ndiye anayemlisha," Mama akajibu, na alijivunia kusema hivyo. "Mweleze daktari, mwanangu."

Hidaya akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Asubuhi vidonge.
Mchana mboga na tunda.
Jioni alizeti, kijiko kimoja, basi."

Daktari akajikuna kidevu. Akasema ni ajabu, maana kasuku anayekula hivyo haugui hivi. Kwa hiyo itakuwa ni ugonjwa mwingine, na itabidi amtoe damu kwa sindano autafute. Akafungua mkoba wake. Sindano ikatoka.

Redio akaitazama sindano. Hidaya akamtazama Redio. Hidaya akafungua mdomo aseme. Akaufunga. Akaufungua tena.

Hapo Redio, aliyekuwa kimya wiki nzima, akakohoa. Koho, koho, kama Mama.

Kisha akasema, kwa sauti ya Hidaya kabisa, na mnong'ono wake:

"Vidonge koponi. Shii. Mama asijue."

Hata mbuzi wa jirani aliacha kutafuna.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya Hidaya ilikuwa fupi kuliko zote. Ilianzia mdomoni mwake, ikaishia mdomoni mwa kasuku.

Hidaya alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Baraza lilikuwa la saruji.

"Kopo gani?" Mama akauliza polepole.

Hidaya akaenda nyuma ya gunia la mkaa. Akalibeba kopo kwa mikono miwili. Lilikuwa limejaa. Kila alipopiga hatua, liliita. Cha, cha, cha. Njia ile ya hatua kumi aliiona ndefu kama ya kwenda Dodoma.

Akaliweka miguuni kwa daktari. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mkaa. Machozi yakaja, akayafuta, na uso nao ukawa mweusi.

"Redio alikuwa haumwi," akasema. "Nikaona nisimpe dawa. Nilimwonea huruma."

Akavuta kamasi. Bado kulikuwa na kitu kimoja.

"Na papai nilikula mimi."

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi tu kwenye kigoda, akatazama lile kopo.

Daktari Nkya akairudisha sindano mkobani. Akachukua kidonge kipya kutoka kwenye mfuko, akakivunja katikati.

"Onja," akasema.

Hidaya akafumba macho. Akakiweka ulimini, akangoja uchungu. Uchungu haukuja. Kilikuwa kama biskuti iliyosahauliwa sukari.

Daktari akamweleza. Hiki si dawa, ni chakula. Ni mahindi na soya na mboga kavu, vimesagwa pamoja, vikakandwa vikawa vidonge. Kidonge cha homa ni kidonge, na kidonge cha unga ni kidonge. Neno moja, vitu viwili.

"Na alizeti ni sumu?" Hidaya akauliza, kwa sauti ndogo.

"Si sumu. Alizeti ni nzuri, ila ina mafuta mengi. Wewe unaweza kula kashata asubuhi, mchana na jioni?"

Hidaya akafikiri. Aliona anaweza. Lakini kwa siku ile alikuwa ameshasema vya kutosha, akanyamaza.

Daktari akachora kibakuli sakafuni kwa kipande cha mkaa. Akakigawa. Sehemu kubwa, vidonge. Sehemu ya kutosha, mboga na tunda. Na pembeni kabisa, padogo, alizeti.

"Alizeti imekula nafasi ya wenzake," akasema. "Ndiyo maana Redio anaumwa."

"Atapona?"

Daktari akasema atapona akikubali kula. Ila wasimnyime alizeti ghafla, maana ameizoea, atakaa na njaa. Wachanganye. Kila siku alizeti ipungue kidogo, vidonge viongezeke kidogo. Na kasuku hapendi kula peke yake. Hula anachoona wenzake wanakula.

"Wenzake ni akina nani?" Hidaya akauliza.

"Ni wewe," daktari akajibu, akavaa kofia yake.

Jioni hiyo Mama alimwogesha Hidaya. Alimsugua uso mpaka mkaa ukatoka. Mwisho akasema.

"Vidonge ulikosea, na kukosea ni kwa kila mtu. Kilichoniuma ni kwamba nilikuuliza, ukanijibu."

Hidaya akatazama chini. Maji yalidondoka kwenye vidole vyake vya miguu. To, to, to. Vilikuwa kumi.

"Na Bibi atakaporudi," Mama akauliza, "nani atamwambia?"

"Mimi," Hidaya akaviambia vidole.

Arobaini ilikuwa imebakiza siku kumi na nne.

Asubuhi, kabla ya shule, Hidaya aliweka kigoda mbele ya tundu. Akapima vidonge. Akachanganya na alizeti. Akaketi na karoti yake.

"Samahani, Redio," akasema.

Kisha akala karoti. Kru, kru, kru. Akala huku amefungua macho makubwa, ili Redio aone.

Redio akachambua kibakuli. Alizeti akaila. Kach. Vidonge akavitupa kimoja kimoja. Pwii! Kimoja kikampiga Hidaya kwenye paji la uso.

Hidaya hakukasirika. Aliona ni haki yake.

Siku ya pili: "Samahani, Redio." Kru, kru, kru. Pwii!

Siku ya tatu: "Samahani, Redio." Kru, kru, kru. Pwii, pwii!

Muuza maandazi akapita. Hidaya alisikia harufu, na tumbo likamwambia maneno. Lakini Redio hali maandazi. Basi Hidaya akala karoti.

Siku ya nne Hidaya alilia kidogo. "Ni mimi niliyekuzoesha," akamwambia Redio. "Wewe huna kosa." Redio akajinyofoa unyoya mmoja. Ukaanguka juu ya goti la Hidaya.

Siku ya tano mashine ya kushonea haikuita asubuhi. Mama alikuja barazani na kigoda kingine. Mkononi alikuwa na karoti.

Akaketi upande wa pili wa tundu, akauma. Kru.

Hidaya akauma. Kru.

Mama akauma. Kru. Wakala hivyo, mama na mtoto, kama mbuzi wawili.

Redio akamtazama Mama. Akamtazama Hidaya. Akashuka kwenye kijiti chake, hatua moja, hatua mbili. Akachukua kidonge. Akakigeuza.

Hidaya akaacha kutafuna.

Kru.

Hakutupa. Alikula. Akachukua kingine. Kru, kru.

Mama akaunyoosha mkono nyuma ya tundu, akamshika Hidaya bega. Mkono ulikaa pale muda mrefu.

Kesho yake Redio alikula vidonge vitatu na kipande cha boga. Keshokutwa, vidonge saba na jani la mchicha. Mbuzi wa jirani alisubiri mchicha wake kwenye ua, hakuupata.

Papai nalo likawa la Redio. Hidaya alilikata, akalitia, akajilamba vidole tu.

Na jioni, kijiko kimoja, basi.

Vile vidonge vya zamani vilikuwa na vumbi la mkaa, wakavimwaga. Kopo, Hidaya alilisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Likawekwa juu ya meza, penye macho ya watu, na vidonge vipya ndani.

Manyoya madogo yakachomoza kifuani kwa Redio. Daktari akapita na mizani, akatikisa kichwa, safari hii kwa furaha.

Asubuhi moja sauti ikasikika mtaa mzima. "Maandazi ya moto! Maandazi ya moto!" Majirani wakatoka mbio na sahani. Muuza maandazi hakuwepo. Wakarudi ndani wanacheka.

Hidaya akacheka nao. Kisha akakumbuka. Kesho Bibi anarudi.

Usingizi ulichelewa kidogo. Hidaya alijua kitu kimoja: Redio hutangaza. Kama yeye hatasema, Redio atasema. Lakini hakutaka Bibi asikie kwa Redio. Alitaka Bibi asikie kwake.

Bibi akarudi alasiri, na begi lake, na vumbi la safari. Mkononi alikuwa na mfuko wa zabibu za Dodoma, nyeusi, nono.

"Hizi ni za mjukuu wangu," akasema, "aliyenitunzia Redio vizuri."

Hidaya alipenda zabibu kuliko papai. Lakini aliweka mikono nyuma.

"Bibi, usinipe. Nisikilize kwanza."

Akaanza. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vya miguu. Akasema vidonge. Akasema kopo. Akasema alizeti, kikombe kizima, wakati Bibi alisema kijiko.

Sehemu ya simu ilikuwa ngumu kuliko zote. Hapo Hidaya aliinua uso, akamtazama Bibi machoni.

"Ulisema ahsante, Bibi. Na mimi nilikuwa nakudanganya."

Bibi aliweka zabibu mezani, akaenda kwenye tundu. Akatazama kifua cha Redio, kile chenye manyoya mapya.

Redio akamtambua. Akacheza kichwa. Akakohoa. Koho, koho.

Hidaya alijua kinachofuata. Alijua yale maneno.

Redio akafungua mdomo, akasema kwa sauti ya Hidaya:

"Samahani, Redio. Samahani, Redio. Kru, kru, kru."

Bibi akageuka. "Umemwambia mara ngapi?"

"Kila asubuhi," Hidaya akasema.

Bibi akaketi kwenye kigoda. Akamvuta Hidaya, akamweka katikati ya magoti yake.

"Mimi nami nilikupa neno, sikukupa maana yake," akasema. "Hilo ni langu. Uongo ni wako."

"Ni wangu," Hidaya akasema.

"Uso umeumbwa na haya, mjukuu wangu. Wako unazo. Ungekuwa hauna, ndipo ningeogopa."

Bibi akaosha zabibu. Moja akaipasua kwa kisu, nusu ya Redio, nusu ya Hidaya. Wakala wote wawili kwa wakati mmoja, na Redio akadondosha maji ya zabibu kwenye mkia wake.

Jua likawa linashuka nyuma ya milima. Ilikuwa saa ya alizeti.

Hidaya akaenda pembeni. Alijua kazi hiyo sasa imerudi kwa mwenyewe. Bibi yupo.

"Hidaya," Bibi akaita. "Unakwenda wapi? Kijiko si unacho wewe?"

Hidaya alikuwa nacho. Alikuwa nacho mfukoni siku zote. Akakitoa.

Akachota alizeti. Akasawazisha juu kwa kidole, isizidi hata punje. Bibi hakumwangalia. Alikuwa anafungua begi lake, amempa mgongo kabisa.

"Kijiko kimoja," Hidaya akasema.

"Basi!" Redio akajibu.

Kach, kach, kach.

Usiku ulipoingia, Mama alimfunika Hidaya shuka. Cherehani imenyamaza. Mbuzi wa jirani amelala. Mezani kopo linang'aa.

Barazani, Redio akaficha kichwa chini ya bawa. Kabla hajalala alinong'ona neno moja, lililobaki katika yale ya zamani.

"Shii."

Na chini ya shuka kulikuwa na vidole vya miguu kumi. Usiku ule hakuna aliyevihesabu.

Hadithi yangu imefika hapo. Uongo umetoka koponi. Utamu ubaki kwenu, mlale.